Yaya, Daktari Hakusema Hivyo

Yaya wangu,

Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno hilo la kwanza. Kwetu Fizi, yaya ni dada mkubwa. Huku Mbarara, Uganda, wafanyabiashara wanaojua Kiswahili cha pwani hunisikia nikikutaja wakadhani nazungumzia mfanyakazi wa kulea watoto. Siwasahihishi. Si wewe uliyenibeba mgongoni tulipotoka Kongo, tukiwa tumeshawazika baba na mama? Si wewe uliyekaanga mandazi kambini Kashojwa miaka yote ile ili mimi nisome, nijue Kiingereza, nisibabaike mbele ya kila meza ya ofisi kama ulivyobabaika wewe?

Siku niliyomaliza shule uliwatangazia majirani: "Mudogo yangu njo mudomo yangu sasa. Banganga bakisema, yeye atanielezea." Banganga, kwetu, ni madaktari.

Ninaiandika barua hii wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu nataka watu wajue mdomo huo ulikufanyia nini.

Unamkumbuka nesi wa Kashojwa aliyekuzungushia utepe kiunoni? Ulicheka mpaka kitenge kikalegea. Ulidhani anakupimia gauni. Wakati huo tulikuwa tunajivunia unene wako. Tuliufikiria kuwa ni ushahidi kwamba njaa ya njiani tumeishinda. Nesi hakucheka. Alinieleza kwa Kiingereza, taratibu, kwamba tumbo lako, presha yako, mafuta kwenye damu yako na sukari yako vimeungana, na vikiungana hivyo huharibu mwili kidogo kidogo kwa miaka: moyo, figo, macho, mishipa ya miguu. Alisema miguu uiangalie kila siku, maana utafika wakati itaumia nawe usisikie.

"Anasema nini?" uliniuliza.

"Anasema upunguze sukari kwenye chai."

"Kumbe ni ile tu?"

Nilikuwa na haraka, Yaya. Kulikuwa na mpira nilitaka kuutazama. Ule haukuwa uongo. Ulikuwa uvivu, nami niliufanya nikiwa na tai shingoni, kijana msomi.

Kisha ikaja asubuhi ile jikoni. Ulikuwa unageuza mandazi, mimi nimekaa mlangoni. Ukanusa hewani, ukauliza, "Nani anaunguza kichwa ya mbuzi mapema hivi?" Nikainuka kutazama nje. Hakukuwa na mbuzi. Nilipogeuka nikaona moshi mwembamba ukitoka chini ya mguu wako wa kulia. Ulikuwa umekanyaga kaa la moto, na uliendelea kugeuza mandazi.

Kidonda hakikupona. Ulikifunga vitambaa, ukakifunika na soksi, na vidole viwili vikaanza kuwa vyeusi. Ndipo tukatumwa hospitali kubwa ya Mbarara. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, Mnyankore, Kiswahili chake kikiishia kwenye "habari" na "pole sana". Alinitazama mimi, akasema bila kuzunguka: vidole hivi vimekufa. Tuvikate leo, mguu utabaki, naye atarudi nyumbani akitembea. Tukingoja, sumu itapanda, na kinachoweza kupotea ni mguu wote.

"Anasema nini?"

Hapa ndipo aibu yangu ilipo, Yaya, na nitaieleza yote.

Wiki iliyofuata tulikuwa na safari ya kwenda Nyamitanga, nyumbani kwa kina Peace, kumchumbia. Wewe ndiye ungesimama badala ya baba na mama. Ndugu za Peace walikuwa wamekwisha kusema kwamba wakimbizi hatuna kwetu. Nikakuona akilini ukiingizwa sebuleni kwao ukiwa umeshikwa mikono, mguu umefungwa bandeji, ukichechemea. Nikaona watakavyotazamana. Nilikuonea aibu. Wewe uliyenipa kila kitu.

Nikakuambia, "Anasema watakupa vidonge vikali. Turudi baada ya wiki mbili."

Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri, kile ulichokinunua kwa mandazi, kwamba dada yangu amekataa kukatwa.

Alikusihi. Uso wake ulikuwa unakusihi wewe, nawe ulikuwa unamtabasamia, ukiitikia kwa kichwa kumshukuru. Mwishowe akaleta karatasi ya kukiri kwamba mgonjwa amekataa matibabu. Ukauliza ni ya nini. Nikasema ni ya dawa. Nilikishika kidole chako gumba kwa mkono wangu, nikakichovya kwenye wino, nikakibandika.

Nyamitanga ulipendeza. Ulivaa viatu vya kufunika, ukasimama wima, ukaongea kwa heshima mpaka baba yake Peace akakupigia makofi. Hata ulicheza. Mimi peke yangu nilijua jasho lile si la furaha. Jioni nilipokuvua kiatu, nilifungua madirisha yote.

Siku nne baadaye ulikuwa hujitambui. Wakakukata juu ya goti.

Ulipozinduka, daktari yule yule alikuja. Alinitaka nitafsiri, nikaanza kukunja blanketi lako, akaona sifai. Akamwita mama mmoja mfanya usafi, Mkongomani mwenzetu, akamwomba atafsiri. Mama yule akasema:

"Mama, munganga anauliza. Ile siku ya kwanza alikuambia batakata vidole mbili tu, na wewe ukakataa. Juu ya nini?"

Ukageuza macho ukanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na sidhani kama uliwahi kumtazama mtu hivyo kabla ya hapo. Nikasubiri useme. Nilitaka useme.

"Ni mimi njo nilikataa," ukajibu. "Mwambie munganga anisamehe. Niliogopa."

Uliishi mwaka mmoja na kitu baada ya hapo. Macho yakafifia, kisha figo zikachoka, uso ukavimba nikawa sikutambui. Kila nilipokaribia kusema ukweli, uliwahi: "Kula kwanza." Au uliuliza habari za Peace. Hukunipa nafasi ya kuungama, na mimi sikuitafuta kwa nguvu. Tulikuzika Kashojwa, nikahubiri juu ya uvumilivu wako. Watu walilia. Sikuwaambia ulivumilia nini.

Siku hizi natafsiri pale pale kituoni Kashojwa, kliniki ya sukari. Natafsiri kila neno. Nesi akisema figo, nasema figo. Akisema kukata, nasema kukata, na mtu akilia namwacha alie, kisha namuuliza amesikia nini, anirudishie kwa maneno yake. Wananiita mkali.

Mwezi uliopita nilifungiwa utepe ule mimi mwenyewe. Kiuno, presha, sukari: nimekuwa kama wewe. Nikamweleza Peace, na nikiwa nimeshaanza nikamweleza na habari yako yote, tangu karatasi mpaka kiatu. Alikuwa anachambua maharage. Aliacha.

"Kumbe siku ile alikuwa anacheza kwetu na mguu unaoza," akasema. Kisha akauliza, "Na ningekuwa mimi mgonjwa, ungetafsiri nini?"

Hajalirudia swali hilo, lakini kila asubuhi huchuchumaa chini, akaniinua miguu mmoja baada ya mwingine, akaichunguza kati ya vidole. Nami naona haya kama mtoto.

Sikuombi msamaha, Yaya. Ulinisamehe mbele ya daktari na mfanya usafi kabla sijafungua kinywa, na hapo ndipo ninapoungua kila siku. Ninachoweza kukupa sasa ni tafsiri niliyokunyima. Daktari alisema vidole viwili tu. Alisema ungerudi nyumbani ukitembea.

Pumzika salama,

Mdogo wako