Mwaka Mmoja Bila Sauti Yako Kabla ya Mahubiri

Ni mwaka mzima sasa tangu ututoke, mama watoto. Cherehani yako bado iko pale dirishani, na uzi mweupe ungali kwenye sindano. Mjukuu wako huikanyaga pedali akisema anamwita bibi.

Ulikuwa mshonaji hodari na mtu wa maneno machache. Mteja akilalamika, ulifumua ukashona upya, hukununa. Kila Jumamosi ulijifunza wimbo wa kesho yake kwa mwendo wa pedali. Jumapili, kabla ya mahubiri, ulisimama mbele bila kinanda ukaimba peke yako. Miaka kumi na tisa. Hata tulipomzika mwanetu wa pili uliimba, na hakuna aliyekohoa.

Kisha baadhi ya wazee wa kanisa wakasema watu wanakusikiliza wewe badala ya kumsikiliza Mungu. "Ibada si jukwaa," alisema mwenyekiti wa kamati. "Aimbe na wenzake kwenye kwaya." Sisi tisa wa kamati tukapiga kura. Wanne walitaka uendelee, wanne wakakataa. Wa tisa nilikuwa mimi. Niliona haifai mume kumwamulia mkewe, nikaomba muda nitafakari. Mwenyekiti hakungoja, akaamua uhamie kwaya.

Nyumbani uliniuliza mara moja tu.

"Baba watoto, mkono wako ulikuwa wapi?"

"Mapajani."

"Haya. Chakula kinapoa."

Ukajiunga na kwaya. Ukawashonea majoho yote kumi na manane, mishono imenyooka kama iliyopigwa rula. Mwalimu wa kwaya akakuambia, "Mama, punguza sauti, unawafunika wenzako." Ukapunguza. Ukapunguza tena, hata mimi niliyekaa benchi la mbele nikawa sikusikii.

Figo zilipokulaza wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuomba umwimbie kidogo. "Mpaka kamati ikae, dada," ukamjibu. Wodi nzima ilicheka. Mimi sikuweza. Siku ya nne ukaondoka.

Mwezi huu niliiomba kamati imruhusu binti yetu aimbe ubeti mmoja, peke yake, kwenye ibada ya kukukumbuka. "Wanaounga mkono?" akauliza mwenyekiti. Nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hata wale wanne wa siku ile waliinamia meza, mmoja akaninong'oneza, "Mzee mwenzangu, hili si lilishakwisha?"

Niliushikilia juu mpaka bega likauma, mama watoto. Ulikuwa peke yake.

Kwa hiyo Jumapili itaimba kwaya, ndani ya majoho uliyoyashona.

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa. Binti yako na mkweo. Kitinda mimba wako. Dada yako mkubwa uliyemwita Bosi. Na mjukuu wako wa pedali.

Siku zote tutakukumbuka, nami nitakukumbuka kwa mkono huu.