Safu ya Chakula cha Jioni

Jumapili. Kiangazi kimekaza hapa Tabora. Vumbi limeingia hadi kwenye kabati la nguo, na mvua haina hata dalili.

Leo nimemwambia mke wangu arudi nyumbani. Sikupanga.

Zaituni yuko Denmark mwaka wa pili sasa, anasoma. Analinganisha nchi yetu na ile: chakula kinatoa kiasi gani cha gesi zinazoipasha dunia joto, tangu shambani hadi mezani, na hali imebadilikaje mwaka hadi mwaka. Mimi ni fundi cherehani, hapa mtaa wa Chemchem. Mwanzoni nilimsikiliza tu kwa sababu naipenda sauti yake. Kumbe mambo yenyewe yananihusu. Kwetu, anasema, tatizo kubwa ni misitu tunayofyeka ili tulime, mifugo, na mkaa wa jikoni. Kule mifugo nayo imo, lakini chakula kikishatoka shambani kuna malori, majokofu na vifungashio visivyokwisha.

Wiki juzi alinitumia fomu. Niandike kila mlo wa siku saba: nimekula nini, kimetoka wapi, kimepikwa kwa moto wa nini. Nikafurahi kama mtu aliyepata barua. Mahindi: Nzega, kwa lori. Mkaa: njia ya Sikonge, kwa baiskeli. Michembe ya mama yake: viazi vimekatwa, vimeanikwa juani, basi. Hapo nilisita kidogo. Zaituni michembe anaipenda na karanga.

Jana nikamrudishia. Leo baada ya adhuhuri akapiga simu.

"Safu ya jioni umeiacha wazi siku zote saba," akasema. "Umesahau?"

"Sikusahau."

"Sasa jioni unakula nini?"

"Chai. Siku nyingine hata chai sinywi. Kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja siwezi, Zaituni."

Nikasikia mtu akipita nyuma yake, anaongea lugha ya kule.

Niungame. Mwezi uliopita aliniambia mwalimu wake anataka abaki mwaka mmoja zaidi, alinganishe na miaka ya nyuma kabisa, wazazi wetu wakiwa bado watoto. Nikamjibu haraka, "Baki, umalize." Nikajiona mume mwema. Siku ile nilishona suruali ya mteja, mguu mmoja ukawa mfupi.

"Ile habari ya mwaka mmoja," akasema. "Nijibu tena. Safari hii usiharakishe."

Nikamwambia nataka arudi.

Akalia. Nikadhani nimemuumiza.

"Nilikuwa nangoja useme hivyo," akasema. "Ulivyoniambia haraka vile nibaki, nilidhani umeshazoea kukaa bila mimi."

Ameamua. Atamaliza sehemu aliyoianza. Miaka ya nyuma ataichukua mwanafunzi mwingine. Kabla mahindi mapya hayajakomaa atakuwa hapa.

Nimefurahi, nisijidanganye. Nimewasha jiko mapema, nikapika ugali na mlenda, nikala nikashiba.

Lakini nilimsikia alivyoitaja ile miaka ya nyuma. Alipunguza sauti, kama mtu anayerudisha nguo dukani baada ya kuijaribu ikamkaa vizuri. Alikuwa anaitaka kazi ile. Mimi nilimtaka yeye, nikasema; yeye alichokitaka hakukisema.

Ingekuwa mimi ndiye niliyeondoka, angeniambia nirudi?