Walivyomleta Deo kutoka raga

Jumamosi

Wenzake wa timu ya raga wamemleta Deo wangu wamembeba mabegani, kafumba macho, huku wanamtania na kucheka. Kwetu Uluguru wanaombeba mtu hivyo huku wakitania ni watani wa ukoo, na ni maiti msibani. Nikajua mwanangu kafa.

“Shikamoo mama,” mmoja akasema. “Pokea mzigo wako, mzito huu.”

Deo akafumbua macho. “Mama, mguu tu umeteguka. Hawa nimewadanganya siwezi kutembea, wanibebe.”

Wakambwaga kama gunia la viazi, wakakaa, wakamaliza ugali wote.

Lakini mguu umevimba kweli. Naye anasema kesho kuna marudiano, nimfulie jezi. Nimeifua. Mungu anisamehe, nimeianika kivulini isikauke.