Ini la Nguruwe na Swali Uliloniachia

Baba yangu uliyelala Kinole,

Shikamoo. Nimechelewa kukuletea jibu, na jambo hilo linaniuma, lakini nitakueleza yote.

Siku ile nilipanda na lori la kijiji nikitoka kwangu Mafiga mjini, nikakukuta uani unabandua maganda ya mdalasini. Macho yako yalikuwa manjano na tumbo limejaa maji. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba ini lako limeharibika. Mama alikupa uji, ukaonja kidogo, ukauweka chini. Kisha ukaniuliza habari za kazi yangu ya maabara ya mifugo. Nikakueleza kwamba katika nchi za mbali madaktari wamejaribu kupitisha damu ya mgonjwa kwenye ini la nguruwe, limsafishie damu wakati lake likipumzika, na kwamba sisi tunataka kulijaribu jambo hilo kwa damu ya mbuzi.

Ukasema nimchukue nguruwe wako mmoja. Nilikuambia wazi kwamba haitakusaidia wewe. Ukasema unajua, nimchukue tu.

Wiki mbili baadaye nilirudi na habari mbaya. Tulilitoa ini, tukaliosha, tukaliunga kwenye pampu. Mwanzoni lilikuwa na rangi nzuri. Kabla saa haijaisha likavimba, likawa gumu, likageuka zambarau, kisha jeusi. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mishipa yake midogo. Nikasema kinga iliyomo katika damu ya mbuzi imelitambua ini kuwa geni, ikalishambulia.

"Umejuaje ni damu?" ukaniuliza. "Pengine ni hiyo pampu yenu."

Nikakiri kwamba hilo hatukulipima.

"Basi mchukue nguruwe mwingine, ulipe ini lake damu yake mwenyewe, uone."

Msimamizi wangu hakutaka. Mipira ya kupitishia damu kwenye pampu ilikuwa imebaki michache, na hakuna aliyejua mingine ingefika lini. Nilimwendea mara nne. Mara ya mwisho nilimwambia kwamba bila jaribio hilo tunabahatisha tu, na jina langu sitaliweka kwenye taarifa. Akanipa siku moja.

Ulifariki siku tatu kabla ya hiyo siku. Tulikuzika, na kesho yake nikashuka mjini. Shangazi walinung'unika. Mama peke yake ndiye aliyesema niende.

Baba, pampu ilikuwa ileile. Damu ya nguruwe ilizunguka mchana kutwa, na ini likabaki laini, na nyongo ikadondoka chupani tone kwa tone. Tulikata vipande tukavitazama kwa hadubini: mishipa ilikuwa wazi. Ni damu, baba. Nililia palepale mezani, na msimamizi wangu akatoka nje akaniacha nilie.

Sasa nataka kujua ni kitu gani ndani ya damu kinacholishambulia ini, na kama kinaweza kuchujwa kwanza. Huenda nikazeeka kabla sijakijua. Jana jirani yetu mmoja wa huko juu Kinole aliletwa hospitali, naye macho yamekuwa manjano. Nilikwenda kumjulia hali, nikamshika mkono, na sikuwa na cha kumpa. Nilipotoka pale sikwenda nyumbani. Nilirudi maabara, nikaanza kuosha vyombo vya jaribio linalofuata.

Pumzika, baba. Mimi bado niko kazini.

Binti yako, aliyerithi ubishi wako