Meza ya Mlangoni

Kaka Deusi,

Shikamoo. Kuna mambo ya dukani na ya nyumbani ambayo ungetaka kuyasikia kwa mpangilio, kwa hiyo nitayapanga. Mkeo Konsolata hayupo tena dukani. Hakai tena kwenye ile nyumba ya nyuma ya ghala. Ni wazima, yeye na Adela na wadogo zake. Nianze mwanzo.

Malaria ilipopanda kichwani ukatuacha, watu walikuwa bado wanavuka daraja la Rusumo wakikimbilia kambini, na duka la Haji halikuwa na siku ya kupumzika. Tulikuzika Mugoma, chini ya migomba ya Baba. Matanga yalipoisha, Haji alifika kutoka Biharamulo, akakaa kwenye mkeka na wanaume, akamwita Konsolata akamwambia, "Mama Adela, nafasi ya marehemu ni yako. Nyumba mkae, maadamu uko kazini." Wote tulisikia. Baba mdogo Filberti naye alisikia, ndiyo maana siku ile hakusema alichokuja kukisema.

Alikisema baadaye, kwenye pombe. Kwamba mjane ni Mrundi, alikuja mgongoni mwa mama yake akikimbia vita ya kwanza, hana kaka wala mjomba upande huu wa mto, basi arudi kwao na watoto wabaki kwenye ukoo. Kwao ni wapi, hakutaja. Huko unakojua wewe, watu walikuwa wanatoka usiku na mchana wakija kwetu. Kwa hiyo nyumba ya dukani haikuwa vyumba viwili tu. Ilikuwa ndiyo sababu ya baba mdogo kunyamaza. Mtu mwenye kazi na mahali pa kulala hajadiliwi kwenye vikao.

Mwaka haukuisha Haji akaleta meneja kutoka Mwanza. Anaitwa Masanja. Usimchukie kabla hujamaliza kusoma. Ni mtu wa kazi, halewi, hapigi kelele, na mishahara inatoka siku inayopaswa kutoka. Alitazama duka akasema linauza kama kioski huku lina mali ya godauni. Alisema kweli. Watu walikuwa wanabanana mbele ya kaunta kama wako zahanati, na madereva wa malori ya misaada walikuwa wanakata tamaa wanaenda Kahama kununua sabuni.

Akaivunja kaunta yako. Mafundi waliifanya mbao za rafu. Sasa duka lina rafu za safu, bidhaa zina vibandiko vya bei, mteja anapewa kikapu cha plastiki, anazunguka mwenyewe, anachukua mwenyewe, analipa kwenye meza iliyo mlangoni. Kuna mashine inayopiga hesabu na kutoa risiti. Kuna mlinzi anayeangalia risiti na kikapu kabla hujatoka. Kuhesabu mali, ambako zamani mlikuwa mnakufungia duka mwisho wa mwaka mkala na pilau, sasa ni kila Jumamosi, duka likiwa wazi. Wauzaji tisa wakabaki wanne. Waliopunguzwa wanapakua malori kwa kibarua. Konsolata akabakishwa kwa sababu anajua kusoma, na kwa sababu Masanja aliambiwa ahadi ya Haji. Akapewa koti la bluu na kiti kwenye meza ya mlangoni.

Wiki za mwanzo ungecheka. Watu walikuwa wanaingia hatua mbili, wanasimama, wanasubiri mtu awaulize shida yao. Mzee mmoja wa Bugarama alikataa kabisa kupita kati ya rafu.

"Ingia mzee, chukua mwenyewe," Masanja alimwambia.

"Nichukue mwenyewe kwenye nyumba ya mtu? Halafu niitwe nani?"

"Uitwe mteja."

"Kwetu ana jina lingine huyo," mzee akasema, na duka zima likaangua kicheko, Masanja naye.

Hilo walilizoea. Ambalo hawakulizoea ni meza. Unajua ulivyokuwa unauza: mtu ananong'ona, unainama chini ya kaunta, unafunga kitu kwenye karatasi, kinaingia kapuni, kapu linafunikwa kwa kitenge, na jirani aliyesimama naye kiwiko kwa kiwiko hajui kama amenunua chumvi au dawa ya kunguni. Mezani kila kitu kinalala wazi mbele ya foleni. Na Masanja ana sheria kwamba anayepokea pesa ainue kila bidhaa na kuitaja kwa sauti pamoja na bei yake, mteja asikie, asije kulalamika kwamba ameibiwa. Amejifunza huko alikotoka na ni sheria nzuri. Lakini nilisimama kwenye foleni ile nikasikia mambo haya kwa masikio yangu:

"Sukari kilo mbili," Konsolata anataja.

"Hee! Kilo mbili!" Mwanamke wa nyuma anadakia. "Mama Jeni, umepata mkwe hujatuambia?"

"Wageni tu."

"Basi jioni tupo. Tuje na vikombe?"

Mama Jeni aliirudisha sukari moja kwa moja. Siku nyingine watu walikuwa wanafikia karibu na meza, wanaona nani yuko nyuma yao, wanageuka wanaacha mchele kwenye rafu ya sabuni. Jumamosi wakihesabu, mali haipo mahali pake. Mlinzi akasema ni wakimbizi. Kila kitu kikipotea au kikihama wakati ule kilikuwa ni wakimbizi. Nilimuuliza Masanja kama kuna aliyekamatwa, akasema hapana, hakuna hata mmoja. Wanawake wa kambini walikuwa wanafunika makapu yao kama mama zetu, tena zaidi.

Konsolata akaanza kufunga. Alikuwa na rundo la magazeti ninayomletea, yale yenye habari ninazoziandika. Anainamisha kikapu mapajani, anaviringisha, anarudisha, na bei anaisema kwa sauti ya chini. Nimeona habari yangu ya daraja la Rusumo ikitoka mlangoni na samaki wakavu ndani. Foleni ikawa ndefu. Mlinzi akawa anafungua vilivyofungwa, wanawake wakagomba naye. Masanja akamwita Konsolata ofisini akamwambia bila ukali, "Mama Adela, mimi sina neno na wewe. Lakini ama unafuata utaratibu, ama unaniachia kiti."

Nilikwenda Biharamulo kumwona Haji. Alinipa chai, akauliza habari za vita, akasema duka amemkabidhi Masanja na hawezi kumkabidhi mtu huku amemshika mkono. Nikarudi nikamwambia shemeji aache kufunga. Nilimwambia sababu: nyumba, shule ya Adela, baba mdogo. Aliniambia, "Sawa, shemeji." Akaacha. Miezi kadhaa alikuwa anainua na kutaja kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni, na hakuna aliyemlaumu.

Halafu Baba akaja dukani.

Sikuwepo. Nilikuwa Rusumo, watu walikuwa wamekwama forodhani. Nimewauliza watu watatu waliokuwa kwenye foleni, na maelezo yao yanafanana isipokuwa kwa jambo moja nitakalolitaja. Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa amepokea malipo ya kahawa. Tangu umekufa hakuwa ameingia humo, na hata ulipokuwa hai hakuwahi kukanyaga nyumba yenu. Unajua alivyokuwa anamwita. "Yule mkimbizi wa Deusi." Alidhani mkeo yuko huko nyuma ghalani. Akapewa kikapu, akafuata wanavyofanya wengine. Alichukua betri za redio, wembe, chumvi, na kaptura mbili za ndani. Foleni ikasogea, akainua macho, na aliyekaa mezani ni mkwe wake.

Meza ya pili, waliyoiongeza foleni ilipokuwa ndefu, haikuwa na mtu. Mwenzake alikuwa anahesabu mali.

Haihitaji nikueleze. Mkamwana wa kwetu hatamki jina la baba mkwe wake. Hapiti mbele yake. Nguo ya mwilini mwake hata kuanika hapaswi, achilia mbali kuiinua juu ya vichwa vya watu na kuitaja. Baba hakuweza kurudi nyuma, watu walikuwa wamejaa. Hakuweza kutoa vile vitu kapuni. Alisimama na kikapu, anatazama ukuta.

Konsolata alitoka kwenye kiti, akapiga magoti, akamsalimia kwa Kihangaza chetu. Baba akaitikia. Yule mwanamke wa vikombe alikuwepo, na yeye ni mmoja wa watu watatu niliowauliza. Anasema hakuna aliyecheka hata kidogo.

Masanja alitokea kwenye rafu. "Mama Adela, kuna nini? Taja bidhaa, watu wanasubiri."

"Huyu ni baba mkwe."

"Hapa ni mteja kama wengine."

"Kwako."

"Mama Adela. Nilikwambia."

"Uliniambia, bosi. Sijasahau."

Akavua koti la bluu, akalitandaza juu ya kikapu cha Baba, kote, mpaka kwenye mpini. Akasema, "Mwiteni mwingine aje kulitoa yeye," akatoka mlangoni mbele ya mlinzi, mikono mitupu. Jambo ambalo hawakubaliani ni kama alikuwa analia. Mmoja anasema alilia. Wawili wanasema hapana. Yeye mwenyewe anasema hapana.

Masanja ndiye aliyekaa kitini. Nimpe haki yake: alipokea pesa ya Baba bila kutaja kitu. Lakini kazi ilikwisha. Akampa mpaka mwisho wa mwezi kuhama.

Nilimwambia shemeji kwamba alikosea. Sijabadili maoni. Dakika moja ya aibu ya mzee haiwezi kulingana na paa la watoto wanne, na Baba mwenyewe angelikuwa ameisahau kufikia Noeli. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Shemeji, wewe ulikuwa Rusumo. Mimi nilikuwa pale." Ikawa hivyo.

Baba mdogo hakuchelewa. Aliitisha kikao Mugoma, siku ile ile ya kuhama. Alishapata na gari la mtu anayerudi upande wa pili wa mto, eti nafasi ipo. Mimi nilijiandaa na maneno. Nilikuwa na hoja kama sita hivi, nimezipanga kuanzia yenye nguvu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikwenda nyuma ya ghala kusaidia kubeba vyombo, nikamkuta Baba uani. Alikuwa na baiskeli. Konsolata alikuwa amejificha jikoni asipishane naye mlangoni. Baba aliingia kwenye nyumba yenu, kaka, kwa miguu yake, akatoka na godoro lenu limeviringishwa, akalifunga kwenye keria kwa mpira, akaanza kusukuma. Sisi tukafuata na sufuria. Adela alitembea pembeni akishika godoro lisianguke kwenye makorongo. Barabara nzima ya Mugoma iliona mzee akisukuma godoro la mkamwana wake, na unajua ni jambo la namna gani hilo. Yeye ambaye alifunikiwa kaptura dukani alipita na godoro mchana kweupe.

Kwenye kikao walikuwa wameshakaa. Alipita kati yao na baiskeli bila kusalimia, mpaka kule chini kwenye ile nyumba ya bibi iliyobaki tupu, akaliweka godoro ndani. Aliporudi, baba mdogo alikuwa amesimama.

"Kaka, hatujaongea bado. Huyu anakuja kukaa kwa nani?"

Baba alikuwa anakunja ule mpira wa keria. Hakuinua kichwa.

"Kwake," alisema.

Wakaongea habari za kahawa. Hoja zangu sita sikuzitumia hata moja.

Duka lipo, linauza. Wakimbizi wakirudi kwao, sijui litauza kwa nani, lakini hiyo ni habari nyingine na nitaiandika nikiwa na uhakika. Masanja ameweka pazia dogo kati ya meza na foleni. Sijui nani alimshauri.

Konsolata ameanza kulima kule chini. Neno la Baba linatosha Baba akiwa hai, na Baba amezeeka. Kwa hiyo mvua za vuli zikianza nitakuja na balozi wa nyumba kumi na majirani wa pande zote, tupande miti ya mpaka wa shamba lile, na kila mti ukishindiliwa jina la Konsolata litatamkwa, la kwake na si la kwako wala langu. Adela atakaa kwangu Ngara mjini mpaka amalize darasa la saba.

Pumzika, kaka. Haya mengine niachie mimi.

Mdogo wako,
Respisi