Jani Linaloshika Kidole

Arusha, Jumatatu asubuhi

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka mayu. Miguu inakuendeaje, na yale macho? Pamba mmeanza kuchuma? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia tangu tuongee juzi, na sitakuficha.

Kabula, wifi yangu, msomee mama polepole. Usiruke neno, hata pale nitakapomgombeza.

Mama, juzi ulikata simu ukicheka, lakini mimi sikucheka. Ulisema umechimba dawa yako ya miguu, ile yenye ua jekundu, ukaikata vipande na kuianika juu ya jiwe, pembeni ya michembe yako ya viazi. Hapo nilikuwa naitikia tu. Kisha ukasema mwaka huu imestawi mpaka imepanda juu ya uzio wa minyaa. Nikashikwa na hofu. Dawa yako haijawahi kupanda juu ya kitu. Tumeichimba wote tangu nikiwa mdogo: inasimama yenyewe, shina gumu, jani pana kama kiganja. Nilipokuambia hivyo ukanijibu, "Minza, mimi nimezaliwa Ngulyati hii hii. Wewe unayefungia wazungu maua ndiye unifundishe pori?"

Haya, nafunga maua. Lakini mojawapo ya maua tunayofunga hapa shambani limetoka pori kama la kwetu. Siku ya kwanza kuliona nilicheka: kwetu ng'ombe wanalipita, huku linalazwa kwenye boksi kama yai. Petali ni nyekundu zenye kingo za njano, zimegeukia juu kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Shina lake laini, haliwezi kujibeba, lazima liegemee kitu. Na mizizi yake hatuigusi bila glavu. Mwenzetu mmoja, mgeni kazini, aliona mzizi umenona, akadhani kiazi, akauchemsha na kuula. Alitapika mpaka tukambeba hospitali. Mungu alimnusuru, lakini baadaye nywele zilimtoka kichwani zote. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa, mama.

Jana nilimpigia Kabula nikamwomba aitupe hiyo dawa. Akaninong'oneza, "Wifi, dawa ya mama mkwe nitaitupa kwa mkono gani?" Simlaumu. Ameahidi kuwazuia watoto wasisogelee jiwe, ila watoto na michembe unawajua, na vipande vikishakauka vyote ni vyeupe. Kwa hiyo hata hiyo michembe msiile. Najua ni jasho lako. Nikasirikie mimi, nitavumilia.

Ulisema utaichemsha ikikauka, na jua la kwetu nalijua, halina subira. Ndiyo maana nimemkimbilia kondakta wa basi la Bariadi. Ndani ya bahasha kuna nailoni yenye ua moja, kipande cha shina na jani. Kabula akusaidie kutazama, maana najua macho yako siku hizi yanaona wekundu tu, umbo limekwenda. Lakini vidole vyako havijazeeka. Nendeni wote mpaka kwenye minyaa, na uchunge utomvu usikuingie machoni. Tafuta jani, lipapase mpaka mwisho. La dawa yako linaishia butu. Hili lingine linachongoka, likimalizikia kwenye kamkia kembamba kalikojikunja, na ndiko kanakoshikilia minyaa ili lipande. Ukikapitishia kidole, kanakinasa. Mkitoka, nawa mikono kwa sabuni.

Kama nimekosea, nicheke mpaka machozi yakutoke, na likizo nitakuja kukuchimbia dawa yako mwenyewe. Naomba sana niwe nimekosea.

Msalimie Masanja, kaka yangu, akirudi malishoni, na umwambie hiyo miguu yako ni ya kupelekwa zahanati, si ya kuangaliwa tu. Msalimie shangazi Holo wa Lagangabilili, na watoto wote wa kaka. Jioni nitapiga simu, na kesho, na keshokutwa. Pokea, mama, hata kama ni kwa kunifokea.

Maneno yangu unaweza kuyakataa. Lakini jani likikushika kidole, amini kidole chako. Usinywe. Nina mama mmoja tu.

Ni mimi binti yako, mfunga maua wa wazungu,
Minza