Ree Niliyoificha

Jumamosi, Mtoni

Bado naona aibu. Ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, ninayo mkononi, naikamata mpaka inaloa jasho, halafu natupa garasa, karata isiyo na thamani!

Tangu mama mkwe afariki, karata zilikaa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Yeye ndiye aliyekuwa mwenzake baba mkwe mchezoni, wawili kwa wawili, miaka yote. Leo baada ya alasiri baba kazishusha mwenyewe, akaniita nikae mbele yake, nicheze upande wake.

Akacheza mzungu wa kopa. Mzungu hushindwa na saba, na saba hushindwa na ree tu, na ree ninayo mie. Lakini nitaiwekaje karata yangu juu ya karata ya baba mkwe? Nikatupa garasa. Jirani yetu, Mzee Athumani, aliyecheza na mwenzake dhidi yetu, akashusha saba, akazizoa zote huku anacheka.

"Mama, ree ulikuwa nayo?" baba akaniuliza.

"Nilikuwa nayo, baba. Nilikuonea haya."

Nilidhani atafoka. Akaziangalia karata zake kwanza. "Haya waonee wageni. Marehemu alikuwa ananifunika bila huruma."

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Nikataka kulia. Naogopa nimekalia nafasi ya mtu, na mchezo wenyewe sijui kama nita...

Jioni nikampelekea chai. Siku zote nikimwamkia hunijibu, "Marahaba, mkwe."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwenzangu."